Kurasa Mbili za Mwisho za Mwalimu Faradji

Alhamisi hii, tarehe tano Mfungo Mosi mwaka 1308, mwaka ambao Wazungu wanauhesabu 1891, Mwalimu Faradji bin Sumaili anakunja mkeka wake baada ya miaka kumi na sita ya kufundisha sheria hapa Kasongo. Alipoanza, mji ulikuwa na nyasi nyingi kuliko nyumba. Anastaafu kwa sababu ukungu umemfunga macho yote mawili, na herufi, asemavyo mwenyewe, zimeanza kumkimbia. Jumamosi asubuhi ataanza safari ya Kabambare, akakae kwa binti yake Mwanvua.

Wanafunzi wamenipa kazi ya kuandika waraka huu na kuusoma mbele yenu, kwa kuwa mimi, Amisi bin Zuberi, nimekaa naye barazani karibu muda huo wote. Yeye alifundisha; mimi nilinakili vitabu na kuwasikiliza wanaoanza. Waliniomba maneno matamu, nami ninayo mengi. Lakini lipo neno jingine ambalo mji huu unalisema chini chini kila jina lake linapotajwa: kwamba Mwalimu Faradji aliwahi kufundisha sheria pungufu, na mwanamke mmoja nusura apotee kwa ajili hiyo. Hakuna awezaye kulikana, maana yeye mwenyewe ameliandika kwa mkono wake katika vitabu kumi na kimoja. Sitaki aondoke akiwa amelibeba hivyo lilivyo. Nitalifikia. Kwanza mjueni mtu mwenyewe.

Mwalimu Faradji alizaliwa Ujiji, akasoma Unyanyembe kwa sheikh mmoja aliyefariki kabla hawajamaliza kitabu cha sheria. Alifika huku na msafara akiwa karani. Kazi ile ilimshinda upesi, si kwa uvivu, bali kwa sababu alichoka kuandika pembe za ndovu na watu wa kuuzwa katika ukurasa mmoja. Siku moja alimrudishia bwana wake kalamu, akaenda kuomba kona ya baraza ya msikiti na mkeka mmoja. Mkeka alipewa. Kona ilikuwa inavuja, na kwa masika mawili ya mwanzo sheria ya Kasongo ilifundishwa na watu waliojifunika majani ya migomba.

Walikuja vijana wa hapa mjini, wa Nyangwe na wa Kabambare, wana wa waungwana pamoja na wana wa Wazimba waliotoka mashambani na udongo miguuni. Aliwakalisha mkeka mmoja. Wengine walinung'unika, naye akajifunza Kizimba ili awafundishe wale wageni wa kitabu kwa lugha yao. Alikisema vibaya sana. Wenyewe walicheka mpaka wakadondosha mbao zao, na baada ya kucheka walisoma vizuri kuliko wote.

Kila aliyepita kwake anaijua ile kokwa ya mchikichi. Aliishika mkononi mchana kutwa, nyeusi, imelainika kwa miaka. Mwanafunzi akisoma, Mwalimu alifumba macho kama aliyelala. Lakini ukiruka neno moja tu, kokwa iligonga ubao: ko! Hakukaripia wala hakukuambia ni neno gani. Ulirudi nyuma ukalitafute mwenyewe. Nimewaona watu wazima wenye ndevu wakitoka jasho kwa sababu ya kokwa ile.

Hakupenda wanafunzi wanaotaka kilemba kabla ya elimu. Mfanyabiashara mmoja mkubwa alimletea mpwa wake akataka kijana awe kadhi kwa mwezi mmoja, kwa kuwa msafara ulikuwa unamngoja. Mwalimu alimjibu kwa upole kabisa, "Hata muhogo inakaa mu udongo mwaka muzima, na hiyo ni ya kula tu." Mpwa yule alibaki miaka minne. Leo yuko hapa, safu ya pili, na anajijua.

Zamani alikuwa pia mtu wa kitabu mno. Aliogopa mahakimu wanaohukumu kwa kumtazama nani ana bunduki nyingi, kwa hiyo aliwafunga wanafunzi wake kwa kanuni moja waliyoikariri kila asubuhi: kisichokuwamo kitabuni msikihukumu. Kanuni hiyo ilisaidia wanyonge mara nyingi. Mara moja ilisaidia hata kuku. Majirani wawili waligombana kwa sababu kuku wa mmoja alikuwa akitagia uani kwa mwenzake, na Mwalimu, alipokosa kuku kitabuni, akakataa kuhukumu, akawatuma wanafunzi watatu wakahesabu mayai tu. Walirudi adhuhuri wameshiba. Majirani walikuwa wamepatana kwa kuwakaangia wageni ushahidi wote. Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kuegemea nguzo, halafu akatufundisha somo zima la mali iliyoteketea mikononi mwa hakimu.

Sasa nikieleze kitabu. Mwaka 1297 mzee mmoja wa Ujiji alituazima kitabu cha sheria kwa siku arobaini. Hapa Kasongo kulikuwa na vipande vipande tu, na Mwalimu aliposhika kitabu kizima alikipakata kama mtoto. Nilipewa kazi ya kukinakili. Na desturi yetu, kwa wasioijua, ni kwamba nakala haifundishwi kabla ya kukabiliwa: watu wawili wanakaa, mmoja anasoma kitabu cha asili kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kidole kwenye nakala, neno kwa neno, mpaka mwisho. Ndipo mwandishi anaandika chini kwamba kitabu kimetimia na kimesomwa chote. Maneno hayo ni kiapo. Nakala yetu iliandikwa hivyo. Kutokana nayo zikazaliwa nakala nyingine kumi, na wanafunzi waliopata ruhusa ya kuhukumu wakaondoka nazo.

Miaka sita ikapita. Mwaka 1303 ikaja barua kutoka Kabambare, kwa Lukumani, mwanafunzi aliyekuwa mboni ya jicho la Mwalimu na ambaye tayari alikuwa kadhi huko. Alikuwa akieleza kwa furaha kesi yake kubwa ya kwanza. Mfanyabiashara aitwaye Ramazani alikuwa amekufa, akaacha kaka yake na binti mdogo, Faida. Mama wa Faida, Subira, alikuwa mtumwa wa Ramazani, amenunuliwa naye na kumzalia. Kaka alitaka kumchukua Subira aende naye Ujiji pamoja na urithi mwingine, na mtoto abaki kwa shangazi zake. Watu wa Kabambare walisema haiwezekani, kwani mwanamke aliyemzalia bwana wake huwa huru siku bwana anapokufa. Lukumani alikifungua kitabu kutoka jalada hadi jalada, hakuliona neno hilo. Akaamua kwamba ni mazoea ya watu, si sheria, na Subira ni sehemu ya urithi. Msafara wa Ujiji ungeondoka mwezi ukiandama. Mwisho wa barua alimuuliza Mwalimu wake kama amepatia.

Mwalimu aliisoma barua kwa sauti nyumbani, mkewe Bibi Aziza akiwa anapepeta mchele. Nilikuwa mlangoni nimeleta wino. Bibi Aziza aliweka ungo chini. "Mwalimu," alisema, "hii neno hata mwenye kutwanga muhogo anaijua. Mwanamuke akizalia bwana yake, bwana akikufa, yeye iko huru. Kitabu yako peke yake ndiyo haijui?"

Mwalimu alikichukua kitabu, akakifungua mwisho kabisa, akapitisha kidole juu ya mstari ule wa kutimia. Kisha aliandika mistari miwili ya kumzuia Lukumani, akampa mtu wa kwanza aliyekuwa akielekea Kabambare, akaomba viatu vyake. Nyangwe kulikuwa na mzee mwenye kitabu kama kile kilichotoka pwani. Nilijitolea niende mimi. Aliniambia, "Wewe baki na darasa," akaenda.

Wakati huo magoti yake yalikuwa yameshaanza kumtesa. Alifika Nyangwe siku ya tatu, akaomba kitabu kabla ya kuomba maji. Baada ya pale nakala yetu ilipotimia, kile cha Nyangwe kiliendelea. Kulikuwa na mlango mmoja zaidi, yaani sura, kurasa mbili tu, na mlango mzima ulihusu mwanamke aliyemzalia bwana wake: kwamba hauzwi, hatolewi zawadi, harithiwi, na bwana akifa yeye ni huru. Kila alilolisema Bibi Aziza juu ya ungo wake lilikuwamo. Mwalimu alizinakili kurasa zile palepale, akageuka, akapita Kasongo bila kulala nyumbani kwake, akashika njia ya Kabambare.

Luama ilikuwa imejaa. Mtumbwi ulimshusha kwenye matope upande wa pili, magoti yakakataa, na mvushaji, Mbangubangu mmoja mwenye mabega mapana, alimbeba mgongoni mpaka nchi kavu. Mwalimu husimulia kwamba aliingia nchi ya Kabambare kama kapu la samaki. Aliwahi. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi uandame, na mizigo ya kaka wa Ramazani ilikuwa imeshafungwa.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Lukumani mwenyewe, na kwa wengine waliokuwapo. Lukumani alimpisha kiti chake barazani. Mwalimu hakukaa. Alisimama mbele ya Subira, aliyekuwa ameketi chini na Faida mapajani, akasema kwa lugha ya watu wote ili asiwepo wa kutoelewa: "Kosa hii haiko ya Lukumani. Iko yangu. Nilimufundisha kitabu yenye haikwisha, nikamuambia imekwisha." Halafu akazisoma zile kurasa mbili.

Kaka wa marehemu aliruka. "Karatasi mupya hii! Wino yake haijakauka!" Mwalimu akasema ni kweli, wino ni mpya, na kitabu kiko Nyangwe kwa anayetaka kwenda kukiona, naye atamsindikiza kwa miguu yake hiyo hiyo. Watu walitazama magoti yake. Ndipo Lukumani, kijana, kadhi mpya, mbele ya mji uliompongeza mwezi uliotangulia, akasimama akasema hukumu yake ilikuwa na kosa, anaiondoa, na Subira ni mwanamke huru tangu saa aliyokufa Ramazani. Sijui ni wangapi kati yetu wangeweza.

Mnaweza kudhani Subira alilia au alishukuru. Alimtazama Mwalimu akasema, "Mie nilisema hiyo siku ya kwanza. Hakuna mutu aliniuliza." Akanyanyua mtoto wake, akaenda nyumbani.

Maneno hayo yalibadilisha darasa letu. Mwalimu aliporudi, ile kanuni ya asubuhi aliifuta. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi aliyeletewa kesi alitakiwa, kabla hajagusa kitabu, aende akamsikilize mtu ambaye hukumu itamwangukia, hasa kama mtu huyo hana wa kumsemea. Walikwenda majikoni, mashambani, hata kwenye ua wa wapagazi. Wakubwa wengine hawakupenda. Na nisiwadanganye: kurasa mbili hazikufungua minyororo ya mji huu. Misafara iliendelea kupita mbele ya baraza, na siku hizo Mwalimu alisimamisha somo, akatazama chini mpaka wapite. Aliniambia mara moja kwamba anaona aibu kufundisha sheria ya mlango mmoja wa uhuru katika mji wenye milango mingi ya utumwa. Lakini mlango ule mmoja aliufundisha kila mwaka, na alianza nao.

Kisha akaita nakala zote kumi na moja. Zilikuja kwa mitumbwi, kwa vichwa vya wapagazi, moja ikiwa imetafunwa na mchwa mpaka nusu. Katika kila moja aliandika zile kurasa mbili kwa mkono wake, na pembeni akaongeza: Aliyefundisha kitabu hiki kikiwa pungufu ni Faradji bin Sumaili. Msimlaumu mwingine. Matajiri wawili waliwaondoa watoto wao siku ile ile. Masika yaliyofuata alifundisha watu wanne tu, na baadhi ya walimu wenzetu, walipotaka kumdharau mtu, walisema anasoma kama Faradji. Hakujitetea hata kwa neno moja. Nilikuwa ninamkorogea wino.

Sasa nimefika mahali ambapo mkono wangu umekwama tangu Mwezi wa Ramadhani.

Kitabu kile cha mwaka 1297 nilikinakili mimi. Siku ya arobaini mwenye kitabu alikuwa amekwisha kufunga mizigo, anakitaka. Karatasi zilikuwa zimeniishia, na kurasa mbili zilikuwa zimebaki. Mwalimu alikuwa kitandani na homa kali, kwa hiyo hatukukabili sehemu ya mwisho. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kuacha chini patupu, kila mtu ajue kwamba kuna kilichobaki. Lakini nilitaka kazi yangu ya kwanza kubwa ionekane imekamilika, nikajiambia nitazipata kurasa zile siku nyingine. Katika nafasi ndogo iliyobaki niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: Kitabu kimetimia, kimesomwa chote. Nilikula kiapo cha uwongo. Mwalimu alipopona alinisifia mwandiko, na baada ya sifa ile sikuweza tena kusema.

Siku ya barua ya Lukumani, alipopitisha kidole juu ya mstari ule, alikuwa akigusa mwandiko wangu. Alijua. Anaujua mwandiko wa kila mtu aliyepita barazani. Aliniambia nibaki na darasa, akaenda kulirekebisha kosa langu kwa magoti yake, kisha akaliandika jina lake juu yake mara kumi na moja huku mimi nikikoroga. Hakuwahi kuniuliza. Mara moja, miaka miwili iliyopita, nilijaribu kuanza. Alinikatiza akisema mwalimu anayefundisha kitabu bila kukabili mwisho wake hana wa kumsingizia. Nilinyamaza tena, nikafurahi kunyamaza, na furaha ile ndiyo inayoniuma zaidi.

Basi, wenzangu wa Kasongo, Nyangwe na Kabambare, nendeni mkatazame. Mmeleta vitabu vyenu kwa ajili ya hafla hii, nami wiki hii nilivikusanya nikiwadanganya kwamba navitengeneza majalada. Chini ya maneno yake, katika kila kimoja, nimeandika: Aliyeziacha kurasa hizi na kuapa kwamba zimo ni Amisi bin Zuberi. Faradji alizirudisha. Kama baada ya leo hamtaki niendelee kukaa barazani na kunakili, nitaelewa. Ila mnaponakili vitabu hivyo kuwapa wengine, nakilini maneno yote mawili.

Mwalimu, wewe hukujua nitasoma haya. Ulidhani nitaeleza habari za kuku na magoti, ukaniambia nisirefushe. Nisamehe. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili, nikakuacha ubebe mzigo wangu ukiwa na miguu mibovu, nami nilikupenda muda wote huo. Nimeona ni bora ulisikie hili ukiwa bado hapa kuliko nilinong'oneze siku ambayo hunisikii.

Tunakushukuru, sisi sote uliotugongea ubao. Bibi Aziza, tunakushukuru kwa ungo ulioweka chini. Lukumani amekuja kukuchukua kwa mkono wake, na ameleta salamu za Subira, ambaye sasa ana shamba la mpunga jirani na Mwanvua na ambaye Faida wake amekuwa msichana mrefu. Amesema, "Muambie Mwalimu mulango iko wazi. Na safari hii aje kukaa, asije kusimama." Tunakuombea magoti yapumzike, chakula cha binti yako kikukae mwilini, na masikio yako yabaki makali miaka mingi, maana kwa hayo hata macho hatuyalilii sana.

Nina ombi moja kabla ya Jumamosi. Kesho baada ya sala tukae pale konani kwetu, panapovuja. Kuna kurasa mbili ambazo mimi na wewe hatujawahi kuzikabili. Wewe unazo kichwani, mimi ninazo kitabuni. Nitasoma polepole mpaka mwisho wenyewe. Njoo na kokwa yako, Mwalimu, na nikiruka neno, gonga.